Isale kwa Mikono Miwili

Nilipostaafu waliniaga kwa keki, kitenge na saa ya ukutani. Keki iliisha siku hiyohiyo, kitenge nimeshashona, na saa haijawahi kutembea hata dakika moja. Upendo, ambaye sasa ndiye mkuu wa ofisi yetu ya sheria za mazingira hapa Moshi, aliniomba niwaandikie ninyi vijana kurasa chache kuhusu kesi tulizoshinda. Nikamwambia kesi tulizoshinda zimo kwenye ripoti za mwaka, tena na picha za rangi, na mtu akizisoma atadhani tulifanya kazi peponi. Mimi nitaandika ile tuliyoshindwa. Akacheka, akasema, "Sawa Madam, ila usiwaseme watu vibaya." Nitajisema mwenyewe. Inatosha.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya themanini, sabuni ikiwa ndiyo kwanza inarudi madukani na mitumba imeanza kumwagwa sokoni. Nilipokelewa kama mwanafunzi wa uwakili katika ofisi ya Mzee Ratilal, Mhindi ambaye familia yake iliingia Moshi pamoja na reli. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la binamu yake. Siku ya kwanza nilipanda ngazi zile na viatu vya kisigino, shahada yangu ndani ya bahasha ya khaki. Akaitazama shahada kwa heshima, halafu akainama kutazama viatu.

"Binti, shahada nimeiona. Hivi navyo ni vya nini?"

Chini ya meza yake kulikuwa na mabuti meusi ya mpira, yana tope kavu la Machame. Akanionyesha kwa kalamu. "Kesi ya ardhi inasomwa kwa miguu. Kwanza unatembea mpaka, halafu ndiyo unafungua kitabu." Nilidhani ni maringo ya mzee. Nilikuwa nimefaulu vizuri sana darasani, na watu waliofaulu vizuri darasani hawapendi kuambiwa habari za mabuti.

Chombo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa taipureta iliyokatika herufi ya m. Ninyi mliozaliwa na kompyuta hamwezi kuelewa msiba huo. Jaribuni kuandika habari za msitu, mti, mpaka, mlalamikaji, mshtakiwa na mheshimiwa hakimu bila herufi ya m. Nilipiga kurasa nzima za "situ" na "paka", halafu nikarudi na kalamu ya wino kujaza m moja moja. Siku moja nilisahau ukurasa mzima. Hakimu akasoma kwa sauti kwamba mteja wetu alikutwa amevuka paka, akaomba aonyeshwe huyo paka.

Kesi yangu ya kwanza ya msitu ilikuwa ya magogo ya kafuri. Mtuhumiwa alikamatwa nayo, magogo yakapelekwa kwenye yadi ya kituo kimoja, sitasema kipi, yakae kama kielelezo. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Siku ya kusikilizwa, mwendesha mashtaka aliomba magogo yaletwe, tukaambiwa hayaonekani. Mzee Ratilal akaninong'oneza nitazame tulichokalia. Lilikuwa benchi jipya, na harufu ya kafuri ilikuwa bado haijaisha. Mshtakiwa naye alikuwa amelikalia, mwisho kabisa, amekunja nne.

Siku ile ndipo nilipoipenda kazi hii, sitawaficha. Kila mtu mahakamani alikuwa na wa kumsemea, isipokuwa ile miti tuliyokuwa tumeikalia. Mti hauji ofisini kupanga foleni. Nikasema basi, mimi nitakuwa wakili wa miti. Ujana una maneno makubwa.

Miaka ya tisini ilipoingia, mashirika yalichipua kama uyoga, kila moja na gari jeupe. Nikamuaga Mzee Ratilal, nikahamia ofisi hii, tuliyoianza kwenye vyumba viwili mtaani Njoro, hapa hapa mjini. Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia watu wa serikali na vijiji kuulinda msitu kwa sheria, na kuwafundisha wanafunzi wa sheria kazi hiyohiyo. Ndivyo alivyokuja Upendo, msichana wa Dar mwenye daftari kubwa na maneno ya Dar. Wiki ya kwanza aliniuliza kama mlimani kuna "ishu nyingi". Nikamwambia zipo, avae viatu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Juu ya Machame, vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vinapoishia na kabla msitu wenyewe haujaanza, kuna ukanda wa miti ambao tangu enzi za mkoloni unaitwa Nusu Maili. Ulitengwa ili wananchi wapate kuni, majani na mbao za kujengea, msitu wa juu usiguswe. Serikali ilisema ukanda ni wake, wananchi watumie kwa kibali. Wananchi walisema ukanda ni wao, na serikali ilichukua bila kuuliza. Ubishi huo ulikuwa umenizidi umri. Katika kijiji kimoja, ndani ya ukanda huo, palikuwa na chemchemi imezungukwa na miti ya kafuri kumi na miwili, mikubwa, ya zamani. Kutoka hapo ulianza mfongo, yaani mfereji wa asili unaopeleka maji kwenye kila kihamba cha kijiji kile, kwa zamu. Ukiikata miti ile, chemchemi inakufa, na kijiji kinakufa nayo. Hilo halikuhitaji mtaalamu.

Shida ilikuwa mpaka. Mawe ya mpaka ya serikali yalikuwa yanahama. Mengine tuliyakuta jikoni kwa watu, yamekuwa mafiga. Mradi wetu wa kulinda ukanda haukuwa na uwezo wa kuweka mapya, na hapo ndipo mimi, Mchagga mzaliwa wa Njoro, niliyejifunza mila kwa bibi wakati wa likizo za Krismasi, nikapata wazo. Kwani Wachagga wanawekeana mipaka kwa kitu gani? Kwa masale! Ule mmea wenye majani marefu, unaouona kila ukingo wa kihamba. Hakuna Mchagga atakayeng'oa isale akalipeleka jikoni. Nikaandika waraka mrefu, unaoitwa "Matumizi ya Alama za Mila katika Uhifadhi". Wafadhili waliusoma wakafurahi kama watu walioona theluji kwa mara ya kwanza.

Tukaitisha mkutano kijijini. Mzee wa mfongo, yaani msimamizi wa maji, alikuwa Mzee Ndesario, mtu mfupi mwenye koti la suti na kofia ya sufu, jua liwe kali au lisiwe kali. Nikamsalimia kwa jina la heshima la wazee wa Kichagga, "Shikamoo meku." Akaitika. Nikaeleza mpango wetu.

"Mnataka kutuletea masale?" akauliza. "Ninyi, watu wa serikali?"

"Ndiyo, meku."

"Mtatuletea sisi?"

"Ninyi wenyewe. Mbele ya wote."

Wazee wakatazamana. Mmoja akajifuta macho. Nikasema moyoni, ona sasa, uhifadhi shirikishi ndio huu. Siku ya kupanda, nikachukua mche wa kwanza na kumkabidhi Mzee Ndesario kwa mikono miwili, nimeinama kidogo kwa adabu, mpiga picha akapiga. Kisha tukapanda mstari. Mpaka halisi ulitakiwa uwe upande wa chini, ukanda unapokutana na vihamba, lakini chini migomba ya watu ilishaingia ndani ya ukanda na tungegombana siku ya kwanza. Upande wa juu kulikuwa na njia iliyokwisha fyekwa, na wageni wa mradi walivaa viatu vya mjini. Tukapanda juu. Chini tungepanda awamu ya pili. Awamu ya pili, kama kawaida ya miradi, haikufika. Kijiji kilichinja mbuzi, tukanywa mbege, tukaimba. Mimi niliimba kuliko wote.

Jamani, nilijua! Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Kila mtoto wa Kichagga anajua isale lina kazi mbili. Linawekwa mpakani, na linapelekwa kwa mtu uliyemkosea, kuomba msamaha, naye hawezi kukataa. Nilijua yote mawili, ila kila moja nililiweka kwenye faili lake, kama nilivyofundishwa chuoni. Haikunipitia kichwani kwamba kwenye ardhi yenye ubishi, anayeinama na isale mikononi ndiye anayekiri kosa. Na mstari unaopandwa baada ya hapo ndio mapatano. Kijiji kizima kilielewa kwamba serikali imeomba radhi kwa kuchukua Nusu Maili na imeirudisha, yote, hadi juu. Mimi nilielewa kwamba tumehifadhi msitu. Tukala mbuzi mmoja, kila upande na furaha yake.

Semina baada ya semina nilifundisha waraka ule. Wanafunzi walinakili. Hadi asubuhi moja Upendo alipoingia ofisini anahema. "Madam, kule juu wamekata. Kwenye chemchemi kabisa!"

Tukapanda. Miti mitatu kati ya kumi na miwili ilikuwa chini, imepasuliwa nusu. Aliyekata alikuwa Elifuraha, mkulima mwenye uwezo wake, ng'ombe wa maziwa watano na msumeno wa injini, wa kwanza pale kijijini. Polisi walimkamata siku ileile, na sisi tukajitolea kuwasaidia waendesha mashtaka. Nilijua tutashinda. Nilimwambia Upendo aandae picha za ripoti.

Wakili wa Elifuraha alikuwa Mzee Ratilal. Alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo, lakini watu wa kijijini waliniambia kwamba wiki nzima kabla ya kesi alionekana huko juu, na mabuti yake, anakagua masale moja moja. Nikacheka. Kisha nikapata hati ya kuitwa mahakamani kutoa ushahidi. Shahidi wa upande wa utetezi nilikuwa mimi.

Alinisimamisha kizimbani na ripoti yetu ya mwaka mkononi.

"Shahidi, huyu kwenye picha ni nani?"

"Ni mimi."

"Umeshika nini?"

"Mche wa isale."

"Kwa mkono mmoja?"

"Miwili."

"Wewe ni Mchagga. Kwa mila yenu, mtu akimpelekea mwenzake isale kwa mikono miwili, mbele ya wazee, anasema nini?"

Nilikuwa na njia ya kutokea. Ningeweza kusema isale ni alama ya mpaka, basi, na wala nisingekuwa nimedanganya. Miti tisa ilikuwa bado imesimama pale kwenye chemchemi, na jibu fupi lingeiokoa. Upendo alikuwa mstari wa mbele, daftari wazi, kalamu tayari, ananisubiri nimfundishe kazi. Mzee Ndesario alikuwa nyuma, kofia ya sufu mapajani.

"Anasema, nimekukosea, nisamehe," nikajibu.

"Na masale mliyapanda juu ya ukanda au chini?"

"Juu."

"Ukanda ukabaki upande wa nani?"

"Wa kijiji."

"Kabla ya kuandika waraka wako, ulitembea mpaka ule?"

Akanitazama, na nawaapia macho yake yalikuwa na huruma. Nikasema sikutembea.

Hakimu alimwachia Elifuraha. Alisema mshtakiwa aliamini kwa nia njema kwamba ukanda umerudishwa kwa wananchi, na kwamba aliyemwaminisha hivyo ni mtaalamu wa upande wa pili mwenyewe. Nje, Mzee Ratilal alinishika bega, akasema, "Pole, binti. Umesema kweli." Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia, na msije mkadhani ni machozi ya busara. Yalikuwa ya hasira na aibu.

"Madam, si ungesema tu ni mpaka?" Upendo aliniuliza, naye macho mekundu. "Kesi imebuma hivihivi!"

"Ningeweza."

"Sasa itakuwaje?"

Elifuraha alikuwa na hukumu mfukoni, na hapakuwa na sheria iliyobaki ya kumzuia. Siku ya soko alionekana Sanya Juu akinunua mnyororo mpya wa msumeno, akiwatangazia watu kwamba Jumatatu anamalizia ile tisa iliyobaki. Jumatatu ile mimi na Upendo tulipanda mlimani asubuhi. Sikuwa na mpango. Nadhani nilitaka kusimama mbele ya mti, jambo ambalo huwa nawakataza wanafunzi.

Hatukusikia msumeno. Tulimkuta Mzee Ndesario kwenye mlango wa mfongo, ameketi juu ya jiwe, anamenya ndizi mbivu.

"Shikamoo meku. Elifuraha hajaja?"

"Hawezi kuja. Jana tumemfungia maji." Akala ndizi yake taratibu. "Mwanangu, kesi ya mtu huyu sisi tungeimaliza siku ileile alipokata. Aliyegusa chemchemi ana adhabu yake, hata babu zetu waliijua. Lakini ninyi mkamkimbiza mahakamani. Mtu akiwa mikononi mwa serikali, wazee hatumgusi. Tumesubiri kesi yenu iishe, tumechoka!"

Nikamuelewa polepole. Muda wote ule wa kuahirishwa na kuahirishwa, kitu pekee kilichokuwa kinamlinda Elifuraha kilikuwa mashtaka yetu.

Siku tatu baadaye Elifuraha alikuja ofisini Njoro. Alibisha hodi, akavua kofia.

"Mama, nataka wakili."

"Unaye Mzee Ratilal."

"Amekataa. Anasema kesi hii haimo kwenye vitabu vyake." Akaketi bila kukaribishwa. "Ng'ombe wangu wanalia kwa kiu. Kanisani watu wanahama benchi nikikaa. Mke wangu hasalimiwi. Mahakama imeniachia, mama, hawa wananihukumu kwa kosa gani? Ukanda si wetu?"

"Ni wenu."

"Basi?"

"Basi ndiyo hivyo. Ukanda ungekuwa wa serikali, wewe ungelipa faini ukaenda nyumbani. Umeshinda, sasa ukanda ni wa wenye mfongo, nao ndio wanaokuhukumu."

Akashika kichwa. Kwa dakika moja nilisikia utamu, nakiri. Halafu nikakumbuka nani aliyeinama na mche mikononi, ule utamu ukaniishia. Nikamwambia Upendo afungue faili.

Baraza la mfongo lilikaa asubuhi, pale pale kwenye chemchemi, chini ya ile miti tisa. Walizungumza Kichagga, na Kichagga changu cha Njoro ni cha salamu na matusi. Mzee Ndesario alinionea huruma, akageukia Kiswahili.

"Mama, wewe umekuja kama nani?"

"Wakili wa Elifuraha."

"Vizuri. Huyu amekata miti mitatu akijua anachokata. Wewe uliandika makaratasi hata hujafika hapa, ukatuletea radhi ambayo hukuwa nayo moyoni, ukapanda mpaka pasipo mpaka. Yeye alikosa kwa tamaa, wewe kwa elimu. Wazee wameshindwa kujua lipi baya zaidi."

"Meku, mimi ni wakili. Mimi sishtakiwi."

Wakacheka wote, hata Elifuraha. Hukumu haikuchukua muda. Elifuraha atatoa beberu na mbege, na msumeno utakaa kwa mzee wa mfongo. Kisha tutapanda kafuri mahali pa ile mitatu iliyokatwa, yeye na wakili wake, kwa mikono yetu, na kila masika tutakuja kuipalilia mpaka itupite urefu. Siku hiyo hiyo maji yake yatafunguliwa, miche ikishaingia ardhini. Nilitafuta kifungu cha kukatia rufaa. Wallahi nilitafuta.

Wakaleta miche na majembe. Nikavua viatu, nikafunga kitenge kiunoni. Hapo ndipo nilipogundua, jembe likiwa hewani, kwamba katika miaka yote ile ya kuwa wakili wa miti, ya waraka na semina na mahakama, sijawahi kupanda mti hata mmoja. Nilikabidhi miche kwa watu, nikapigwa picha, nikaondoka. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kando yangu Elifuraha alishaanza kuchimba, jasho linamtoka, anataka maji ya ng'ombe wake.

Upendo alikuwa amechuchumaa na daftari. "Madam, kwenye ripoti niandike tumeshinda au tumeshindwa?"

Mzee Ndesario hakuningoja nijibu. Alikuwa amesimama juu ya shimo langu, anachungulia ndani kwa masikitiko.

"Hapo hata kuku angekwenda chini zaidi," akasema. "Chimba, wakili."